Mkono Uliotarizi Kona ya Bagh

"Manroop, hebu njoo uone. Huu si mkono wa Biji."

Prabhleen alikuwa amelitandaza shuka mezani, kifudifudi, upande wa nyuma ukitazama juu. Dirishani jua la mji wa Patiala lilikuwa limepamba moto.

"Si mkono wa Biji? Utajuaje wewe?" Manroop akajibu kutoka kwenye jiko dogo, chai ikimchemkia.

"Nitajuaje? Kwani mimi nauza vitunguu?"

Swali lake lilikuwa la haki. Prabhleen alikuwa ameshika sindano tangu utotoni, na kazi zake za mkono, zile alizozitoa kwenye phulkari, mashuka ya maua ya kutarizi ya mabibi zetu, na kuzigeuza kuwa mapambo ya ukutani, watu walikuwa wanazifuata mpaka kwenye hicho chumba chake cha ghorofani. Na anayejua phulkari anajua jambo moja: hutariziwa kwa nyuma. Unahesabu nyuzi za kitambaa upande usioonekana, ua linachanua upande wa pili. Kwa mbele kila mtu anaweza kukudanganya. Ukigeuza nyuma, mkono wa mtu unaonekana waziwazi kama sura yake.

Na hilo halikuwa shuka la hivihivi. Lilikuwa bagh, limefunikwa hariri ya dhahabu mpaka kitambaa chenyewe hakionekani. Biji, bibi yake Tejbir mchumba wa Prabhleen, alilianza siku ile ile mjukuu wake alipozaliwa, ili aje amfunike nalo mke wa mjukuu. Miaka thelathini! Siku hizi watu wanakodi, lakini Biji si wa kukodi. Na bagh la namna hiyo lazima litoke kwa mikono ya nyumbani kwa bwana harusi. Bibi arusi haligusi kwa sindano, na wala haruhusiwi kuliona kabla ya siku yenyewe.

Sasa Prabhleen alilionaje? Mama yake Tejbir ndiye aliyelileta asubuhi, amelificha ndani ya mfuko wa unga.

"Mwanangu, pindo limefumuka na mimi sindano siijui hata ikoje. Nishikie pindo tu, maua usiyaguse. Na Tejbir asijue, atanipigia kelele."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita kabla ya harusi.

"Angalia hapa," Prabhleen alimwambia Manroop, akigusa kona ya kushoto. "Kote Biji anaanza uzi kwa fundo dogo. Fundo, fundo, fundo, miaka yote. Kufika hapa hakuna fundo. Mtu anarudi nyuma mishono mitatu, halafu anaacha kamkia kananing'inia. Sasa niambie, nani hapa duniani anaacha kamkia namna hii?"

Manroop alikuwa ameshika vikombe viwili. Kimoja kikamwagika.

Miaka sita walikuwa wanafanya kazi pamoja, na miaka sita Prabhleen alikuwa anamgombeza kwa ajili ya kamkia hako hako. "Manroop, kata mkia! Manroop, ficha mkia!" Ikawa mpaka wateja wanawatania.

"Labda... labda Biji naye kaamua kubadilisha," Manroop akasema.

"Miaka ishirini na tisa fundo, huu wa thelathini ndio akumbuke mkia?"

"Mimi sijui, Prabh. Mimi leo nawahi basi."

"Basi lako si saa kumi na moja? Sasa hivi ni saa nane!"

"Kichwa kinaniuma."

Akatoka mbio, akashuka ngazi viatu mkononi. Kwa ile haraka akasahau simu mezani. Na kama simu zilivyo na ubaya wao, ikaita mlio wa ujumbe pale pale. Prabhleen hakuwa mtu wa kuchungulia simu za watu. Ila kioo kiliwaka chenyewe, na ile namba aliijua kwa kichwa:

"Leo saa kumi, stoo, kama kawaida. Biji atakuwa amelala. Prabh asijue hata kidogo."

Namba ya Tejbir. Tejbir wake!

Alisoma mara ya pili, ya tatu. Kama kawaida? Kawaida ipi? Manroop akarudi anahema, akaichukua simu, akamtazama rafiki yake usoni, akafungua mdomo. Akaufunga. Akashuka ngazi tena.

Prabhleen alichanganyikiwa. Akanyanyua simu yake akapiga.

"Haloo, mpenzi!" Tejbir akapokea, nyuma yake nyundo zinagonga. Alikuwa fundi matrekta kijijini kwao, njia ya Nabha. "Vipi, umeshakula?"

"Tej, mama yako kaniletea bagh."

Nyundo zikanyamaza.

"Kakuletea? Nani kamwambia akuletee? Prabh, usilitazame!"

"Nimeshalitazama."

"Umelitazama... na nyuma?"

Jamani, mwanaume gani anauliza habari za nyuma ya shuka? Wanaume wetu hata mbele hawaangalii!

"Kona ya kushoto ni mkono wa nani, Tej?"

"Wa Biji. Lote la Biji."

"Apa."

"Prabh..."

"Nimesema apa."

"Nipo chini ya trekta sasa hivi, mafuta yananimwagikia. Tutaongea baadaye."

Ikakatwa. Prabhleen akabaki ameishika simu. Mtu hukataa kuapa kwa sababu gani? Akaanza kuunganisha mambo. Manroop anakaa kijiji cha jirani na akina Tejbir. Miezi mitatu hiyo kila Jumatano anawahi kuondoka, mara kichwa, mara shangazi mgonjwa. Na leo ilikuwa Jumatano. Kwa hiyo Tejbir alikuwa na Manroop, na Manroop akaona atie mkono wake kwenye shuka la harusi, kama anayetia sahihi? Halafu yeye Prabhleen aje avikwe kichwani mbele ya watu? Hapana, Manroop si mtu wa hivyo. Na Tejbir je? Tejbir naye si mtu wa hivyo. Basi mkia umetoka wapi?

Akamwandikia Manroop: "Kuna kitu unataka kuniambia?"

Jibu likachelewa, likaja: "Si changu kukisema. Muulize Tejbir. Nisamehe."

Nisamehe! Asiye na kosa anaomba msamaha wa nini?

Saa kumi na mbili simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Biji mwenyewe, na sauti yake ya kukwaruza.

"Mwanangu, nasikia bagh limefika kwako. Mkwe wangu huyu hajui kuficha kitu. Umeiona kona?"

"Nimeiona, Biji," Prabhleen akasema.

"Basi nyamaza. Mimi najua kila kitu. Najua tangu mwezi wa kwanza. Ni mwiko, lakini sikusema, na wewe usiseme. Kazi nzuri haifichiki, imenitoa machozi. Iwe siri yetu, sawa?"

"Biji, unajua?"

"Macho yamekwenda, mwanangu, akili bado ipo!" Bibi akacheka, akakata.

Weee! Hata Biji anajua, na anasifia! Yaani nyumba nzima wamekaa wanamchezea yeye? Anatakiwa aolewe, avikwe kazi ya mwanamke mwenzake, na anyamaze?

Alikaa hapo akalia mpaka kamasi zikamtoka. Halafu akachukua mkasi mdogo wenye ncha, akaligeuza shuka, akaanza na mkia wa kwanza. Kata. Vuta. Kata. Vuta. Katikati ya kona akakuta ua moja limepinda vibaya, mtu amekosea kuhesabu, akasita, maana Manroop hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Hasira ikamwambia endelea, akaendelea. Chakula cha jioni kilipoiva kwa majirani, kona ya kushoto ilikuwa kitambaa chekundu kitupu, na hariri imelundikana miguuni kwake.

Asubuhi Manroop hakuja kazini. Prabhleen akalikunja bagh, akapanda skuta yake, akaifuata njia ya kijijini.

Na alichokikuta uani kwa akina Tejbir kilimaliza nguvu zake zote. Manroop amesimama kando ya trekta, anaongea kwa mikono miwili, na Tejbir mbele yake, kilemba kimekaa upande, uso umemshuka. Pembeni Billa, rafiki yake Tejbir na fundi mwenzake, ameketi juu ya tairi anakula muwa na kusikiliza bure. Biji yuko kwenye kitanda chake cha kamba kibarazani, na mama mkwe anachambua dengu.

"Ohoo," Prabhleen akasema. "Leo hata stoo hamkuingia. Mnakutana hadharani."

"Prabh!" Tejbir akashtuka. "Sikiliza kwanza..."

"Nisikilize nini? Jana nimekuomba neno moja, ukaniambia una mafuta usoni. Haya, chukua shuka lenu. Mvike aliyelitarizi!"

Akamtupia. Tejbir akalidaka, likafunguka mikononi mwake, na akaiona kona. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza mbele. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Umefumua?"

"Yote."

"Miezi mitatu, Prabh."

"Ndiyo! Miezi mitatu mmekuwa mnanizunguka, na wewe bado una uso wa kunihesabia miezi?"

"Mama yangu!" Billa akanong'ona, muwa umesimama mdomoni.

"Tejbir, mwambie," Manroop akasema, machozi yanamlengalenga. "Mwambie, au nitasema mimi. Sitaki kupoteza rafiki kwa ajili ya siri yako."

Tejbir akageuza macho kibarazani alikokaa Biji, akatikisa kichwa. Polepole, kama anayeomba. Prabhleen akaona. Sasa hicho kichwa kinamtikisia nani? Kinaficha nini ambacho Biji hajui, wakati Biji kasema anajua kila kitu?

"Mnagombania nini huko?" Biji akaita. "Hilo shuka nileteeni hapa."

Hakuna aliyesogea. Mama mkwe ndiye aliyeinuka akalichukua, akaliweka mapajani mwa bibi. Biji hakuinamisha hata macho. Vidole vyake vikatembea juu ya hariri, vikapita dhahabu, vikapita rangi ya chungwa, vikafika kona ya kushoto. Vikasimama.

"Prabhleen, mwanangu," akasema kwa mshangao mtupu, "mbona umefumua kazi yako mwenyewe?"

Billa akautoa muwa mdomoni.

"Kazi yangu, Biji?"

"Haya sasa wamekwishajua, tuseme tu. Toka baridi ianze mimi sioni nyuzi. Nachoma sindano kwa kubahatisha, naenda kulala najua nimeharibu. Alhamisi nikipapasa, nakuta mishono imenyooka, hesabu imekaa sawa. Na kila Jumatano huyu Tejbir analichukua shuka, eti anakwenda kulianika. Nani anaanika hariri kila wiki? Nikajua anakupelekea wewe Patiala. Nikasema, mtoto huyu amevunja mwiko ili mimi kikongwe nisiaibike. Nimekuombea gurdwarani kila asubuhi, mwanangu. Kila asubuhi."

Prabhleen akasogea karibu na kitanda cha kamba. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa siri! Lakini yeye hakufanya kitu. Hakuleta hata uzi mmoja. Basi nani?

Tejbir alikuwa amesimama nyuma ya kitanda, mahali bibi asipomfikia, anamwonyesha kwa midomo bila sauti: "Sema ndiyo. Sema ni wewe."

Na mkono wake aliuweka kifuani anapoomba. Hapo ndipo Prabhleen akauangalia mkono ule vizuri kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mweusi wa grisi, mnene, wa kushika spana. Lakini kidole cha shahada, ncha yake, ilikuwa imetobolewatobolewa vidoti vidogo vingi. Mafundi matrekta hawana vidoti vya namna ile. Wanaovipata ni watu wa sindano, na wanaoanza. Akakumbuka lile ua lililopinda. Akamgeukia Manroop, Manroop akainamisha kichwa kukubali.

Mwalimu akiacha mkia, na mwanafunzi ataacha mkia.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Biji angefurahi, yeye angebaki mkwe mwema, na mambo yangekwisha. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Si mimi, Biji. Dua zako umempa asiyestahili. Mimi kazi yangu kwenye shuka hili ni kufumua tu."

Tejbir akafumba macho.

"Si wewe? Nani basi?"

"Ni Tejbir."

"Tejbir yupi?"

"Huyu wako. Mwenye trekta."

Billa akapasuka kwa kicheko. "Nini? Tej anatarizi? Tej, wewe? Maua? Ngoja niwaambie wenzangu pale kibandani!"

"Billa," Biji akasema bila kugeuka, "wewe trekta lako mwaka wa tatu linawaka kwa kusukumwa. Nyamaza ule muwa. Tejbir, njoo hapa."

Tejbir akaja. Bibi akaushika mkono wake, akavipapasa vidole kimoja kimoja mpaka kwenye vile vidoti, na uso wake ukabadilika.

"Kwa hiyo tangu baridi ianze mimi sijatarizi kitu."

"Umetarizi, Biji, ila..."

"Ila ulikuwa unafumua ninapolala."

"Ndiyo."

"Na unarudia."

"Ndiyo, Biji."

Bibi hakuuachia mkono wake. Ilimuuma, na hakuficha. Machozi yakamtiririka kwenye mikunjo ya mashavu, na Tejbir akawa anayafuta kwa mkono wake wa grisi, anamchafua zaidi.

"Ulikuwa unasema kila siku, nikishindwa kulimaliza hili nizikeni nalo," akasema. "Mama hajui sindano. Prabh haruhusiwi kuligusa. Nani amebaki humu ndani? Nikamwomba Manroop anifundishe. Hakushona yeye hata mshono mmoja, alinionyesha tu kwenye kitambaa kingine. Na ningewaambiaje watu? Si mmemsikia Billa?"

"Ungeniambia mimi!" Prabhleen akadakia. "Mimi ni Billa? Nimelia mpaka macho yamevimba. Nimemchukia rafiki yangu usiku kucha!"

"Ningekuambia ungelitaka ulione, na ukiliona ungelirekebisha. Nakujua. Huwezi kuona ua limepinda ukaliacha."

Na hilo lilikuwa kweli.

"Nisamehe, Tej."

"Nimechoma vidole miezi mitatu, mwanamke wewe ukamaliza kwa jioni moja."

"Nisamehe basi!"

"Nimekasirika. Niache nikasirike kidogo."

Akakasirika kweli, karibu robo saa nzima, akigonga chuma ambacho hakikuhitaji kugongwa. Prabhleen naye akaenda kwa Manroop.

"Miaka sita nimekwambia ukate ule mkia."

"Ningeukata mngejuaje?" Manroop akasema, na wakakumbatiana huku wanalia na kucheka.

Biji ndiye aliyetoa hukumu. "Shuka halitafichwa tena stoo. Tejbir atatarizi hapa hapa uani, mchana, anayetaka kucheka aje acheke. Macho yangu hayapo. Prabhleen, sindano usiguse, lakini kuhesabu hakuna mwiko. Utamhesabia."

Siku zilizobaki zikapita hivyo. Kila jioni skuta ilifika, Prabhleen akakaa upande mmoja wa shuka, Tejbir upande mwingine, mikono ameisugua kwa majivu mpaka imekwajuka. Billa alikuja siku ya kwanza kucheka. Siku ya tatu akawa anasogeza kiti aone vizuri. Siku ya tano akauliza kama sindano ile inaweza kupita kwenye shati lake.

Kazi ya miezi mitatu haiishi kwa wiki mbili. Siku ya harusi ilipofika, baada ya maharusi kukizunguka Kitabu Kitakatifu mara nne, Biji alimfunika Prabhleen bagh mwenyewe, na wageni wote wakaona: dhahabu tupu, halafu kona ya kushoto nyekundu, ina ua moja tu. Na ua lenyewe limepinda.

Shangazi mmoja wa upande wa bibi arusi hakuweza kujizuia.

"Jamani, miaka thelathini na bado kona imebaki? Si wangekodi tu?"

Prabhleen akageuka na shuka lake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye masufuria:

"Kona niliifumua mimi, shangazi, kwa wivu wangu. Anayeitarizi ni mume wangu. Akimaliza nitakuita uje uone."

Vijiko vikasimama. Tejbir masikio yakamwiva, lakini kichwa hakukiinamisha. Billa, wa watu wote, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Asubuhi ya tatu baada ya harusi, wageni wamekwishaondoka na uani kumebaki maganda ya karanga, Tejbir alitoka na chai mkono mmoja, shuka mkono mwingine. Akakaa kando ya kitanda cha Biji. Sindano aliichomoa kwenye kilemba alikoiweka.

"Haya mke wangu, hesabu."

"Moja," Prabhleen akaanza, bado ana hina mikononi. "Mbili. Tatu. Nne... Tano. Chomeka."

"Mmeruka uzi mmoja," Biji akasema, kidole chake kikiwa juu ya kitambaa.

Wakatazamana. Tejbir akashika mkasi ili afumue, na Prabhleen akauzuia mkono wake.

"Acha," akasema. "Liache lipinde."